Kadi za Hadassa na Wino Usioogopa Maji

Katika kamati ya harusi ya Hadassa kila mtu alikuwa amepewa kazi, isipokuwa baba yake. Berthe, shangazi wa bibi harusi, alichukua maombi na vyungu vya chakula, kama alivyovichukua katika kila harusi ya ukoo. Mjomba mmoja alichukua ukumbi. Binamu mmoja, ambaye hapakuwa na aliyejua kwa hakika ni binamu kwa upande gani, alichukua muziki. Élie Tshimanga, baba mwenyewe, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyemsindikiza mwenzake kung'olewa jino.

Hawakumsahau kwa ubaya. Watu walimsahau Élie jinsi mtu anavyolisahau kabati la nyumbani kwake: lipo, ni imara, halisemi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika ghala la vipuri la mtaa wao wa Panda, akiandika majina ya vitu kwenye vipande vya karatasi ngumu na kuvibandika kwenye droo. Boliti. Nati. Vali ya shaba, ndogo. Vali ya shaba, ndogo zaidi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko boliti zilivyostahili, naye alilijua hilo. Lilikuwa jambo pekee alilojivunia, na alijivunia kimyakimya, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia ila boliti.

Kamati ilipofika kwenye kadi za mwaliko, mama wa bwana harusi, ambaye wote walimwita Mama Blaise, alisema wasijisumbue. Mpwa wake kule Lubumbashi alikuwa na mashine. Kadi zingetoka na picha ya Blaise na Hadassa ndani ya moyo mwekundu, pamoja na herufi za dhahabu. Watu walianza kukubali kwa vichwa. Ndipo sauti moja ikasema:

"Kadi, minye njo nitaandika. Na mukono."

Ilimchukua Élie muda kutambua kwamba sauti ile ilikuwa yake. Wengine walichelewa zaidi. Berthe alimtazama kwanza yule binamu wa muziki, kisha mjomba, na mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyebaki, kaka yake.

"Weye?" akauliza. "Weye njo utaandika?"

Élie akasema kwamba kadi ya mkono ina heshima. Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu yenyewe hakuitoa, maana hakujua inaanzia wapi. Hadassa alikuwa mtoto wake wa pekee wa kike, na tangu alipoanza kutembea, Élie alikuwa na mambo ya kumwambia ambayo hayakuwahi kufika mdomoni. Badala yake alimfunikia madaftari ya shule kwa karatasi ya kaki, pembe zikiwa zimekunjwa sawasawa, akaamini kwamba mtoto atasoma yote katika zile pembe. Sasa mtoto anaolewa. Élie alitaka kila atakayefungua kadi hapa Likasi aone kwamba binti huyu ana baba, na kwamba baba yake alijitahidi.

Mama Blaise aliuza unga sokoni Kikula, na alizoea kupima kitu kabla ya kukipokea. Akasema vizuri, Baba Hadassa alete kadi moja kwenye mkutano ujao. Ipite mikononi mwa wanakamati. Ikirudi safi, ataandika zote, za upande wa mwanamke na za upande wa mwanamume. Ikirudi chafu, mpwa afungue mashine.

Élie akaenda dukani kwa Lukumani, mfanyabiashara wa kofia nyeupe ambaye wazazi wake walitoka Kasongo na ambaye aliuza karatasi, betri, sabuni na ushauri. Akachagua karatasi nene inayong'aa kama sahani. Lukumani alimwambia, "Ile karata ni ya picha, ndugu. Haikunywaka wino." Élie akamshukuru kwa upole wa mtu aliyeandika maisha yake yote, akimshukuru mtu anayeuza sabuni.

Aliiandika kadi kwa kalamu ya zamani ya kujaza wino wa buluu. Ilipendeza mno. Aliiangalia asubuhi, akaiangalia tena mchana, na njiani kwenda mkutanoni akasimama mara kadhaa kuiangalia, hata watu wakadhani amepata barua ya kuitwa kazini.

Mkutano ulikuwa wa joto lile la kabla ya mvua, na mezani palikuwa na karanga zenye chumvi na soda zinazotoa jasho kuliko watu. Kadi ikaondoka mkononi mwa Élie ikiwa kadi. Ilipozunguka na kurudi, Hadassa alikuwa wingu, Blaise alikuwa ameota mkia, na jina la ukumbi halikuwapo tena. Mama Blaise ndiye aliyeishika mwisho. Kisha, kwa kuwa joto lilikuwa kali, alijipangusa paji la uso. Kila mtu aliuona ule mstari wa buluu, na kila mtu akaona kuna jambo la maana sana sakafuni. Hadassa ndiye aliyemwambia, kwa sauti ndogo, na kumpa leso.

Mama Blaise hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alijifuta taratibu, akasema kwa adabu kwamba mpwa wake anangoja picha tu.

Élie akaomba mkutano mmoja zaidi. Hadassa hakuwa amewahi kumwona baba yake akiomba kitu mbele ya watu. Akasema na yeye anaomba. Wakapewa.

Hapo Élie akaanza utafiti, kwa ukimya na kwa utaratibu, yaani kwa namna ya kumchosha kila mtu nyumbani. Kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka, zilining'inia kadi za majaribio zilizobanwa kwa vibanio. Kwa kuwa mkono wake ulizoea maneno fulani, jirani aliyepita angeweza kusoma: Boliti. Nati. Tunayo furaha kuwaalika. Vali ya shaba.

Kwanza alinyunyizia poda ya watoto. Poda ilinyonya wino vizuri kabisa, na kwa nusu siku Élie alijiona mtu aliyefika. Kisha Suzanne, mke wake, ambaye alikuwa akisuka nywele za mteja barazani, akaichukua kadi na kuinusa.

"Baba Hadassa," akasema, "ile invitasio iko na harufu ya mutoto muchanga. Batu ba kanisa batasema nini juu ya binti yako?"

Mteja akakohoa. Élie alilifikiria jambo hilo, akazitoa kadi zile kwenye kamba haraka kuliko alivyowahi kutoa kitu chochote popote.

Halafu akachukua dawa ya Suzanne ya kupuliza nywele zisifumuke. Alisikia kwamba inashika rangi. Wino ulipoguswa nayo ulinyoosha miguu pande zote kama buibui aliyeamshwa. Kisha akajaribu pasi ya makaa, na kadi ikatoka na rangi ya mkate. Katika kuhangaika huko aligundua jambo ambalo mtu mwingine angeligundua akiwa darasa la kwanza. Élie aliandika kwa mkono wa kushoto. Kiganja chake kilifuata nyuma ya kalamu, kikifuta kila kilichoandikwa. Ghalani hakuliona kwa sababu jina la boliti ni fupi, kiganja hakipati nafasi ya kulifikia. Alikuwa amepita miaka hamsini akijifahamu kwa kadiri ya boliti tu. Akakata kipande cha karatasi ya kunyonya wino, akakiweka chini ya kiganja, asimwambie mtu.

Lakini wino wenyewe uliendelea kuogopa maji. Tone moja tu, nao unakimbia.

Jibu lilikuwa limening'inia mbele yake siku zote. Ni shati lake la kazi, lile lenye doa jeusi mfukoni, mahali ambapo kalamu ya kawaida ya biki ilivuja zamani. Suzanne alilifua shati hilo kwa sabuni ya unga, kwa sabuni ya mche, kwa ndimu na kwa maneno makali. Doa halikupungua hata kidogo. Élie alisimama chini ya shati, akalitazama kama watu wengine wanavyotazama mlima.

"Suzanne," akaita, "hii doa, uliifula mara ngapi?"

"Usiniulize ile kintu," Suzanne akajibu.

Basi akaacha kalamu ya kujaza, akachukua biki nyeusi, yenye wino mzito unaoteleza kama grisi. Aliacha karatasi inayong'aa, akarudi kwa Lukumani kuomba ile yenye kukwaruza, inayonywa wino. Lukumani akamfungia bila kucheka, na hilo liliuma. Kila mstari wa herufi Élie aliupitia tena na tena mpaka ukanenepa. Herufi zilipokauka alizisugua juu kwa mshumaa, kidogo tu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta usoni. Kisha akamwaga maji. Maji yakajikusanya kuwa vitone, yakabingirika, yakaanguka. Herufi hazikutikisika.

Kwenye mkutano aliomba beseni. Watu walidhani anataka kunawa. Élie akaitoa kadi mfukoni, akaizamisha yote, akaishikilia chini kama anayebatiza. Alipoitoa aliikung'uta, akampa Mama Blaise moja kwa moja, ikichuruzika. Mama Blaise alilowesha kidole gumba, akalisugua jina la Hadassa kwa nguvu zote za mwanamke anayenyanyua magunia ya unga. Akakitazama kidole upande huu, akakitazama upande ule.

"Haitoke," akasema. "Sawa. Andika."

Kuanzia siku hiyo Élie hakuvumilika. Mtu ambaye hakuwa na hotuba akapata moja, na ilikuwa juu ya maji. Alimweleza jirani jinsi maji yanavyoingia kwenye karatasi. Alimweleza mwendesha pikipiki. Alimweleza Lukumani mwenyewe, akiegemea meza ya duka, kwamba adui wa wino ni mmoja tu duniani, nalo ni jambo ambalo watu wengi hawalielewi. Lukumani alisikiliza akiwapimia wateja sukari.

Aliandika kadi za upande wa bibi harusi kwanza, kwa sababu Mama Blaise alikuwa bado anabishana na kaka zake nani aalikwe na nani asialikwe. Ndani paliandikwa mwaliko. Nje, katikati, jina la mgeni kwa herufi kubwa, kisha utepe mwembamba. Bahasha hakutaka. Bahasha ingeficha jina.

Zilipokamilika, Berthe alikuja kuzichukua. Katika kanisa lao hakuna jambo kubwa linaloanza kabla akina mama waombezi hawajaliwekea mikono, na Berthe ndiye aliyewaongoza. Élie alimpa dada yake kadi pamoja na masharti. Zisiwekwe kwenye sakafu ya saruji, saruji ina unyevu. Vikombe vya chai vikae mbali. Kwa kuwa alikwisha kuwaona waombezi wakilia katika maombi, aliomba pia, kwa heshima zote, kwamba atakayelia alie pembeni.

"Élie," Berthe akasema, "nitabichunga sawa mayai."

Akaziweka ndani ya beseni lenye kifuniko, akalifunga kwa kitenge, akaondoka nalo kichwani. Élie alimtazama mpaka kona. Hata wingu halikuwapo angani.

Berthe alizirudisha Jumapili baada ya ibada, uso ukimeremeta. Alisema akina mama walikesha nazo, na mkesha kama ule haujatokea kwa muda mrefu. "Tuliombea kila muntu na jina yake," akasema. "Hatukuruka hata moja."

Élie akafungua utepe wa kwanza. Juu ya jina la mgeni palikuwa na alama ya kidole gumba, pana, ya kung'aa, na jina lilikuwa limezungushwa ndani yake kama uji kwenye mwiko. Akafungua ya pili. Akafungua ya kumi. Kila jina lilikuwa limeguswa kwa mafuta ya upako, likabonyezwa, likazungushwa kadiri maombi yalivyopanda. Ule wino mzito wenye mafuta ndani yake, ulipokutana na mafuta ya zeituni, uliyapokea kama ndugu. Mshumaa nao ulilainika na kufungua mlango.

Alikuwa ameyazuia maji kila upande, na mafuta yakapita katikati, ndani ya beseni lenye kifuniko. Wala hakuweza kusema hakujua. Alikaa katika kanisa lile miaka na miaka. Aliona mafuta yakipakwa kwenye milango, kwenye pikipiki mpya, kwenye vyeti vya shule, kwenye simu zilizogoma kuwaka. Kalamu aliyokuwa akiitumia ilikuwa imepakwa mafuta na Berthe huyuhuyu. Na kwenye kamati, Berthe aliposema anachukua maombi, Élie alikuwepo, kwenye kiti chake, anasikiliza kwa masikio ya kabati.

"Aksanti, yaya," alimwambia dada yake mkubwa. Berthe akaenda zake akiimba.

Suzanne aliichukua kadi moja, akaitazama, akabana midomo, akasema anakwenda kuangalia moto. Kutoka nyuma ya jiko kulisikika sauti ya mtu anayejaribu kutocheka na kushindwa. Élie alitaka kukasirika, lakini hakuona sababu ya kutosha. Angekuwa yeye nyuma ya jiko, angecheka pia.

Hadassa alipoingia, alimkuta baba yake ameketi mbele ya kadi zote zikiwa wazi mezani. Élie akamweleza, kwa kifupi, kwamba ameshindwa, na kwamba asimngoje tena. Wampelekee yule mpwa picha.

"Mutoto yangu," akasema, "tuache ile mashini ifanye kazi."

Hadassa aliinua kadi ya mama mmoja mzee wa mtaani, akaipeleka dirishani. Akauliza ni nani aliyeliombea jina hili. Élie akasema ni akina mama, wote.

"Papa, andika jina tena, hapa chini, kiloko. Tutapeleka vile."

"Ni chafu."

"Ndiyo, ni chafu," Hadassa akasema. "Lakini ya mashini minye sitaki. Ninataka yako."

Élie aliinuka haraka kwenda kutafuta kalamu, ili asionekane uso. Alitafuta chumbani, akatafuta barazani, akatafuta chini ya kitanda. Ilikuwa mfukoni mwake.

Kadi zikaenda hivyo, na doa lake kila moja, na jina dogo chini ya doa. Élie alijiandaa kwa aibu, akatunga hata maelezo mafupi juu ya tofauti ya maji na mafuta. Hakuna aliyeyahitaji. Watu waliliona doa, wakaelewa mara moja kuliko yeye. Mama Clémentine, anayeuza samaki wa kukaushwa, alilibusu. Wengine walizitia kadi ndani ya Biblia. Kutajwa jina lako zima mbele ya Mungu na kundi la wanawake, na kuletewa ushahidi hadi mlangoni, si jambo la kila siku.

Kisha Mama Blaise alimaliza kubishana, majina ya upande wake yakafika. Élie akaapa kwamba hizi zitakuwa kadi alizokusudia tangu mwanzo. Hakumwambia Berthe. Aliandika akiwa amenawa, na alipokwisha kuandika alinawa tena. Alizipeleka Kikula mwenyewe kwa pikipiki, zikiwa kifuani, na alipofika karibu na wanawake wanaokaanga maandazi kando ya barabara alimwomba dereva apite upande mwingine. Akamkabidhi Mama Blaise kwa mikono miwili. Mama Blaise akazisifu. Élie alirudi Panda akihisi kwamba ingefaa mtaa upewe jina lake, hata ule mfupi wa nyuma ya soko.

Jumapili iliyofuata Mama Blaise alikuja. Kadi zote zilikuwa ndani ya kikapu chake, hakuna hata moja iliyogawiwa. Alikaa. Suzanne akamletea maji, akayakataa, na hapo Élie akajua kwamba jambo ni zito.

Mama Blaise akaweka mezani kadi mbili. Moja ni ya Mama Clémentine, aliyoiazima sokoni. Nyingine ni mojawapo ya zake.

"Baba Hadassa," akasema, "hii iko na mafuta. Hii iko kavu. Juu ya nini?"

Akaeleza. Kaka zake walikuwa wameziona kadi za upande wa mwanamke, zimeombewa jina kwa jina, kidole kwa kidole. Kisha wakaonyeshwa zao, kavu kama mihogo ya juzi. Wakauliza kama wao wanahesabiwa wapagani, au kama mafuta yalikwisha kabla ya kufika Kikula. Mkubwa wao alisema kwamba kama ubaguzi umeanza kwenye kadi, kwenye ndoa utafika wapi. Yeye Mama Blaise amewatuliza, lakini amempigia pia simu mpwa wake. Mashine angalau haina upande.

Élie akaamua kusema kweli. Aliisema yote, na ilikuwa hotuba ndefu kuliko ile ya maji. Alieleza biki, alieleza mshumaa, alieleza kwamba wino wa mafuta unayeyuka kwenye mafuta. Ile alama ilikuwa ajali. Kadi za kaka zake ndizo nzuri. Zile nyingine zimeharibika.

Mama Blaise alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Baba, ile wino minye mwenyewe niliisugua mu maji, na hii mukono. Batu bote baliona. Haitoke. Sasa unanifichia nini?"

Hapo Élie akaona kosa lake. Alikuwa amethibitisha mno. Katika Likasi nzima hapakuwa na mtu ambaye angeamini kwamba wino wa Élie Tshimanga unaweza kutapakaa, na aliyewafundisha hivyo ni Élie Tshimanga, meza kwa meza, duka kwa duka.

Akasema basi amwite Berthe na waombezi.

"Berthe ni shangazi," Mama Blaise akasema. "Weye njo baba. Weye njo uliandika. Omba weye."

Hilo lilikuwa baya kuliko mashine. Élie hakuwahi kuomba kwa sauti mbele ya watu. Kwenye ibada za nyumbani, zamu ilipomfikia, alikohoa, na aliyekaa jirani akachukua zamu yake. Ilikuwa desturi, waliokaa karibu naye walijiandaa mapema. Aligeuka kumtazama mke wake. Suzanne alikuwa ameshaishusha chupa ya mafuta, na alikuwa amevuta kiti cha kukalia mwenyewe.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya yule kaka mkubwa, mzee Kalombo wa Kambove. Élie akachovya kidole, akakiweka kando ya jina, pembezoni kabisa, kwa wepesi wa nzi.

"Pale haiko jina," Mama Blaise akasema.

Akakisogeza. Akabonyeza. Chini ya ngozi aliisikia ile K, aliyoihangaikia karibu asubuhi nzima, ikimwagika. Kwa kuwa sasa imekwisha kuharibika na hapakuwa na cha kuokoa, akaomba. Aliomba mzee Kalombo asafiri salama, magoti yasimuume garini, na apate kiti cha mbele ukumbini asije akanyoosha shingo.

"Amina," akasema Mama Blaise. Kisha: "Nani alikuambia habari ya magoti?"

Élie akasema ni Blaise. Ukiandika jina la mtu polepole, unapata muda wa kuuliza habari zake. Mama Blaise akamsogezea kadi nyingine.

Kumbe kwa karibu kila jina Élie alikuwa na habari. Alimwombea mmoja ambaye mtoto wake alikuwa akingoja matokeo ya mtihani. Alimwombea mwingine ambaye hakusemezana na nduguye tangu msiba wa baba yao, akaomba hapo harusini wakalishwe meza moja bila kuonywa. Sauti ilitoka kama ilivyotoka siku ile kwenye kamati, bila kumuuliza. Alipofika kwa mama wa ubatizo wa Blaise, akataka kuongeza neno kwa ajili ya hawa watoto wawili wenyewe. Akasema, "Na Hadassa," na hapo maneno yakakoma. Yalikuwa mengi mno kupita pamoja. Suzanne akaacha kutabasamu, akaweka mkono begani mwake, akaimaliza sala kwa niaba yake, "Amina."

"Amina," akasema Mama Blaise, kwa sauti tofauti na ile aliyokuja nayo.

Wakaendelea. Chupa ikashuka, rundo likahama kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha Mama Blaise akainama juu ya meza, akazipanga kadi zilizokwisha, akazikazia macho. Madoa yote yalikuwa na ukubwa mmoja, yameegemea upande mmoja, na kila moja lilikuwa mbali na ukingo kwa umbali uleule.

"Baba Hadassa, fanya moja ipotoke kiloko," akasema. "Ikibakia vile, batasema ni mashini njo ilifanya."

Élie akajitahidi. Alifumba hata macho. Alipoyafumbua, doa lilikuwa mahali pake, limenyooka.

Mama Blaise akavuta pumzi, akamshika kifundo cha mkono, akaliburuta dole gumba la Élie juu ya jina lote, kutoka herufi ya kwanza mpaka nje ya kadi. Akaitazama kwa mbali, akaridhika.

"Hii njo ya mukono," akasema, akamsogezea inayofuata.